Usikimbilie Kuomba

Mwanangu, umesema hujauona wito wako. Kwaya sauti haikubali, mimbari inakutetemesha, na mambo ya kamati huyawezi. Nimekusikia. Mimi uzee wa kanisa nimeushika muda mrefu, magoti yamechoka, na nguvu ya kubishana na vijana sina tena. Kwa hiyo nitakwambia polepole. Iko kazi usharikani kwetu isiyo na sare wala haisomwi kwenye matangazo, na watendakazi wake ni wachache kuliko waimbaji. Ni kukaa na mtu mwenye mzigo mpaka amalize kuusema.

Utasema hiyo si kazi, kila mtu ana masikio. Hebu tazama tunavyoishi. Mtu akifiwa tunachanga, tunapika, tunakesha, kwaya zinapokezana. Tanga likianuliwa, turubai linashushwa, viti vya kukodi vinarudi kwa wenyewe, na mjane anabaki na nyumba yake. Maneno yenyewe huanza kumjia wiki ya tatu, na wiki ya tatu hakuna mtu. Kutuita anaona haya, maana tulishamhudumia.

Nilikwenda kwa mmoja wao, nikamkuta uani anachambua mchele. Nikaomba ungo, nikakaa kwenye kigoda. Tukaongea habari za mvua, bei ya mafuta ya kula, mtoto wake wa kipaimara. Mchele ulipokaribia kwisha ndipo aliposema, macho yakiwa bado kwenye ungo, kwamba marehemu alikuwa amechukua mkopo wa kausha damu, na kila jioni wanakuja watu kudai marejesho. Watoto hawakuwa wanajua. Laiti ningefungua Biblia mara tu nilipoketi, angeitikia amina, angenishukuru, angenisindikiza mpaka barabarani, na mimi ningerudi nyumbani nikiamini nimemfariji.

Neno langu kwako ndilo hilo. Sala ya haraka humfunga mtu mdomo. Siidharau sala, nisingefika umri huu bila hiyo. Lakini nimeona mara nyingi mtu anaanza kusema, hajafika hata katikati, tunamkatiza: "Basi, tuombe." Tukishasema amina anajua mazungumzo yamekwisha, na lile alilolileta analibeba tena. Mara nyingine tunaomba haraka kwa kuogopa tutakachosikia, kwa sababu tukishasikia itatubidi tufanye kitu.

Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku bila kusema neno, na sidhani walimfanyia jema kubwa kuliko hilo. Walipoanza kumweleza kwa nini anateseka ndipo walipoharibu, na mwishoni hasira ya Mungu iliwaka juu yao. Bartimayo naye kila mtu aliona kwamba ni kipofu, lakini Bwana alimuuliza anataka afanyiwe nini. Na yule mama aliyetokwa damu miaka 12 alikuwa ameshapona kwa kugusa vazi. Safari ya kwenda nyumbani kwa Yairo ingeweza kuendelea, tena binti wa Yairo alikuwa mahututi. Yesu akasimama mpaka mama akaeleza kweli yote mbele ya watu. Namfikiria sana Yairo katika dakika zile. Ukiitwa kwenye kazi hii, kila utakapokaa na mtu mmoja yuko Yairo anayekusubiri mahali, na itakubidi ukae.

Uingereza alikuwako kasisi wa Kianglikana aliyeitwa Chad Varah. Mwaka 1935, akiwa bado kijana katika utumishi, alimzika msichana wa miaka 14 aliyejiua. Binti alikuwa ameanza kupata siku zake, akadhani ameambukizwa ugonjwa wa zinaa. Hakuwa na mtu wa kumuuliza. Varah hakuisahau siku ile, na mwaka 1953 alifungua huduma ya simu katika kanisa lake London, mtu anayewaza kujiua apige. Sasa sikiliza kilichotokea. Watu walikuwa wengi, wakisubiri zamu ya kumwona kasisi, na watu wa kawaida waliojitolea wakawa wanawapa chai na kuongea nao. Wengi walipokwisha kuongea hawakuhitaji tena kumwona yeye. Varah akayaona hayo, na mwanzoni mwa 1954 akawakabidhi kazi wale wa chai. Ndio Wasamaria wa Uingereza mpaka leo. Najua mapadri na wachungaji wachache ambao wangekubali kupisha namna hiyo, na ninamheshimu kwa hilo kuliko kwa simu yenyewe.

Yule binti hanitoki moyoni. Zamani kwetu msichana akivunja ungo alikuwa na somo wake, au shangazi, wa kumwambia mwili unafanya nini. Tumehamia mijini, shangazi amebaki kijijini, na kanisani tunawafundisha mabinti amri 10 na katekisimu. Hayo ni mema. Lakini nionyeshe usharikani kwetu mtu ambaye binti wa miaka 14 anaweza kumwendea usiku akiwa na hofu. Nimetafuta, nimehesabu wawili, na mmoja wao anahama.

Usidhani inahitaji elimu kubwa. Harare, mtaa wa Mbare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi 14, akawafundisha, wakawa wanakaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza wenye huzuni. Huduma hiyo imefika hata Zanzibar. Hata hivyo usiruke hapo: mabibi wale walifundishwa kwanza. Nawe ujifunze. Ujifunze kunyamaza mtu anapolia, bila kumwambia "jikaze" wala "ni mapenzi ya Mungu". Ujifunze pia kutoingiza habari zako. Mtu akisema ameachwa, hahitaji kusikia jinsi shemeji yako alivyoachwa.

Siri ndiyo inayoniumiza zaidi. Siri nyingi katika jumuiya zetu huvujia ndani ya maombi. Mtu anasimama kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba, anainamisha kichwa, anasema tumkumbuke dada fulani na ndoa yake, na kabla ya Jumapili mtaa mzima unajua. Dada yule hataongea tena na mkristo yeyote, na sitamlaumu. Ukiambiwa jambo, mwombee mtu huyo ukiwa chumbani kwako.

Liko moja usilopaswa kulifunga moyoni. Ukisikia mtoto anaumizwa, au mtu anasema amechoka kuishi na ameshapanga namna, usiahidi kunyamaza. Mwambie huyo mtu kwamba utamtafutia msaada, na umwambie ni kwa nani. Kwa mtoto kuna simu 116, kuna afisa ustawi wa jamii, kuna dawati la jinsia na watoto polisi. Aliyechoka kuishi usimwache peke yake usiku huo. Mpeleke hospitali, ukeshe naye. Kuomba mtaomba njiani.

Na upumzike. Musa alikaa kuwaamulia watu toka asubuhi hadi jioni, mpaka mkwewe Yethro akamwambia atajichosha yeye na watu wake, agawe kazi. Nimewaona watumishi waliokataa kugawa. Wanafika mahali mtu analia mbele yao na wao wanatazama saa.

Basi, anza. Katika jumuiya yenu yuko mama mwenye genge karibu na stendi, ambaye hajaonekana kwenye ibada za nyumba kwa nyumba tangu Pasaka. Watu wamesema amepoa kiroho. Hakuna aliyemuuliza. Asubuhi anakwenda kununua nyanya, usimsumbue. Nenda alasiri, wateja wakipungua. Nunua fungu la mchicha ulipie, ukae kwenye benchi lake, usimuulize habari za ibada. Asiposema kitu, rudi Alhamisi. Na ukirudi kwangu usinieleze alichokwambia. Niambie tu kama kuna unga wa kupeleka.