Maji na Ukavu, Vyote ni Kazi ya Mungu



Kijana mmoja wa parokia yetu aliacha kuja kusali. Mwalimu wa kemia alimfundisha kwamba uhai ulianzia majini, nasi wazee tukamkemea. Mimi pia nilimkemea. Leo naomba anisamehe.

Tusikilize kwanza. Mwaka 1953 Stanley Miller wa Chuo Kikuu cha Chicago alitangaza jaribio lake: alichemsha maji katika chupa pamoja na gesi za metani, amonia na hidrojeni, akapitisha cheche za umeme mfano wa radi. Baada ya siku chache alikuta asidi amino, ambazo hujenga protini za mwili. Hakupata uhai, alipata matofali tu.

Na matofali si nyumba. Asidi amino mbili zikiungana, hutoa maji. Basi maji yakizidi huzuia muungano huo. Ndiyo maana baadhi ya wataalamu hufikiri juu ya madimbwi madogo: jua linakausha, mvua inarudi, jua linakausha tena. Mpiga matofali anaelewa: bila maji udongo haushikani, bila jua haukazi.

Wapendwa, Mwanzo sura ya 1 yatuonyesha Roho wa Mungu juu ya maji, kabla ya nuru. Anayechunguza kazi hajamfukuza Fundi.

Nawe mwanangu, ukavu ulio nao moyoni si mwisho. Mungu hufanya kazi humo pia. Rudi, nafasi yako ipo.

Amina.