Sitara au Ghushi?

Je, fundi anayejaza fila kwenye bodi ya gari la zamani, akaipiga msasa na kuipaka rangi mpaka ikang'aa, amedanganya? Hakusema neno la uongo. Pengine hakusema neno lolote. Na gari lenyewe, tuseme Peugeot 404 ya miaka ya 60, limependeza hata mwenye nalo akalisahau lilivyokuwa. Kosa liko wapi, kama lipo?

Tuanze na kazi yenyewe, maana hukumu juu ya kazi usiyoijua ni porojo. Bati likigongwa halikunjiki tu, hutanuka. Fundi wa bodi hushika nyundo upande wa nje na kipande kizito cha chuma upande wa ndani, akagonga taratibu, pigo baada ya pigo. Haanzi katikati ya bonde. Anaanza pembeni, kwenye mikunjo iliyotokea mwisho wakati wa ajali, akirudi nyuma kuelekea pale pigo lilipoingilia. Ukikimbilia katikati unalitanua bati zaidi, nalo hubaki likibofyeka ndani nje kama kifuniko cha kopo. Lililotanuka hupashwa moto kisha likapozwa ili lijikaze. Mlango mmoja waweza kumla fundi siku kadhaa. Fila, kwa upande wake, hukauka chini ya nusu saa.

Lakini tusiigeuze fila kuwa shetani. Hata fundi hodari hupaka tabaka jembamba mwishoni ili kufuta alama za nyundo. Na kabla ya hizi fila za plastiki kuenea, viwanda vingi vya magari vilijaza viungo vya bodi kwa mchanganyiko wa risasi iliyoyeyushwa. Yaani hata gari unaloliita halisi huenda lilitoka kiwandani limeshajazwa. Anayesema kujaza kwenyewe ni udanganyifu basi na aanze kwa kumshitaki aliyelitengeneza.

Lugha yetu inatupa maneno mawili ya kufikiria jambo hili: sitara na ghushi. Yote mawili ni kufunika. Lakini anayemsitiri mwenzake tunamsifu, na anayeghushi tunamkimbia. Mtoto aliyesomea chuo cha Mji wa Kale amekisikia kile kisa cha muuza chakula sokoni: Mtume alitia mkono ndani ya lundo, vidole vikatoka na maji. Muuzaji akajitetea kwamba ni mvua. Akaulizwa mbona hakukiweka juu kile kilichorowa, watu wakaona. Tazama kwamba mtu yule hakusema uongo. Mvua ilikuwa kweli. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio: kikavu juu, kibichi chini.

Tofauti basi iko wapi? Wengi watasema iko katika nia. Mimi sidhani nia inatosha, kwa sababu kila mtu ana nia njema akiulizwa. Naona afadhali tuulize: ni nani atakayekiegemea hicho kilichofunikwa? Sitara hufunika jambo ambalo halimdhuru mwingine asipolijua. Ghushi hufunika jambo ambalo mwingine ataliwekea uzito wake, akidhani lipo.

Chukua magari mawili ambayo bado utayaona huku pwani. Land Rover za zamani zina fremu nene ya chuma chini, na karibu bodi yote ya juu ni aluminiamu iliyofungwa kwa bolti. Jaza fila madigadi yake, gari halipungukiwi nguvu. Peugeot 404 ni habari nyingine. Haina fremu ya namna hiyo; bodi ndiyo mifupa. Sakafu, nguzo za milango, na kile kizingiti kinachopita chini ya milango, vyote vinabeba. Kizingiti kikiliwa na kutu kisha kikajazwa fila, mwenye gari amepewa mfupa wa udongo. Siku akigongwa ubavuni ndipo atajua kile ambacho rangi haikumwambia. Fila ni ileile na mkono ni uleule. Kwenye Land Rover ni sitara, kwenye kizingiti cha Peugeot ni ghushi.

Kisiwani kwetu kuna jambo la kuongeza. Hewa ni ya chumvi, na fila hunyonya unyevu. Ukiipaka juu ya kutu, kutu haifi. Inaendelea kula polepole gizani. Kikulacho ki nguoni mwako. Wenye nyumba za Mji wa Kale wanalijua hili bila kugusa gari. Kuta zao ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zinazopumua. Mtu akija akazipiga plasta ya saruji, ati kwa kuwa ni ngumu, mwaka wa kwanza nyumba inapendeza. Baadaye unyevu na chumvi vilivyofungiwa ndani vinaanza kusukuma, plasta inavimba, inabanduka na kung'oka na vipande vya ukuta wenyewe. Kifuniko kibaya hakiuachi ubovu kama ulivyokuwa, kinaulea.

Hapa fundi atanijibu, na jibu lake lina uzito. Kukata kizingiti kizima, kupinda bati jipya kwa mkono lifuate umbo la lile la zamani, kisha kulichomelea, ni gharama mara nyingi ya kopo la fila. Mteja anataka gari ling'ae Jumamosi, kuna harusi. Amekuja na pesa za rangi tu. Kwa nini fundi wa jua kali abebe ukweli ambao mwenye gari hataki kuulipia?

Sidhani abebe. Hakuna anayemdai kazi ya bure. Anachodaiwa ni neno: hapa kumeoza, nimefunika tu, usilitegemee. Najua hata neno hilo lina bei, kwani mteja aweza kuhamia gereji ya pili ambako hataambiwa. Ndiyo maana lawama haimwangukii fundi peke yake. Mwenye gari anayesema "wewe fanya tu ionekane sawa" amejua anachokinunua. Na siku atakapoliuza, mnunuzi atauliza, "Kaka, hii haina kutu?" naye atajibu, "Kutu? Si waiona mwenyewe?" Hakuna neno la uongo hapo. Ni lile lundo la sokoni tena.

Wako wanaokwepa mtego huu kwa kusema tusiguse kitu: bonde la bati ni historia, liachwe. Wanaikumbuka 404 iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na wanaona kila mkwaruzo wa enzi zile ni ushahidi. Nawaelewa, ila kutu nayo ni historia, nayo haibakizi kitu. Heri tuitazame Fort Jesus. Wareno waliianza 1593, Waomani wakaitwaa 1698, Waingereza wakaifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Kila mmoja alibomoa, akaongeza, akaziba. Mwaka 2011 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia, na hakuna aliyesema ngome hiyo ni bandia kwa sababu imetiwa viraka. Viraka vyenyewe vinasomeka: mjuzi akipita atakwambia huu ni mkono wa nani.

Gari nalo laweza kutengenezwa hivyo. Nje linyooke, ling'ae, aibu yake isitiriwe. Halina haja ya kutembea likionyesha makovu kila mtaa. Lakini chini, pale mtu anapoinama kukagua, mshono wa kuchomelea uachwe uonekane. Picha zipigwe kabla ya praima, bati likiwa tupu, ziwekwe pamoja na logbuku, na zifuate gari kila linapobadili mikono. Picha kumi za simu hazimgharimu fundi kitu, na zinampa mnunuzi ambaye hajazaliwa bado nafasi ya kujua ni wapi aegemee na ni wapi asiegemee.