Jina la Mwana

Mtoto mchanga hana kauli katika shauri la jina lake. Huamuliwa na wengine, naye hulichukua mpaka kaburini. Je, mzazi ana haki ya kumpa mwanawe jina geni lisilopata kusikiwa?

Desturi humpunguzia mzazi mzigo huu. Mkikuyu humwita mwanawe wa kiume wa kwanza kwa jina la baba yake mzazi. Kwa Wajaluo, mvulana aliyezaliwa usiku huitwa Otieno, na aliyezaliwa wakati wa mvua, Okoth. Pwani, aliyezaliwa Ijumaa huitwa Juma. Majina hayo humwambia mtoto kuwa yu mwenzetu.

Lakini usidhani kuwa ugeni ni aibu. Kila jina lilikuwa geni kwa mtu wa kwanza aliyeitwa kwalo. Aibu ni kumtwisha mtoto mambo ya mzazi. Wapo walioitwa Shida, Mashaka au Tabu kwa sababu ya dhiki iliyowapata wazazi. Dhiki ilipita, jina likabaki. Wapo pia wapewao majina ya ajabu ili majirani washangae. Mshangao wa majirani hwisha kwa siku moja. Kicheko cha darasani hurudi kila asubuhi majina yaitwapo.

Wahenga walisema, jina jema hung'ara gizani. Mng'aro huo hutoka katika matendo, si katika herufi. Basi ukiwa na jina geni, lipambe kwa mwenendo wako. Na siku utakapopata mwana, jiulize kwanza: jina hili nampa yeye, au najipa mimi?