Nenda Ukalete Chai

Kila mara injini ilipofika mahali pa kufunguliwa kichwa, mzee alisikia njaa. "Mura, nenda ukalete chai." Hoteli ilikuwa mbali kidogo, karibu na stendi, na kwa hoteli hiyo hakuna anayeharakisha mtu. Nikirudi na chupa na mandazi, nakuta kifuniko kimerudishwa, tapeti zimesetiwa, pikipiki inanguruma kama mpya. Mwanzoni nilidhani ni bahati yangu mbaya tu. Ilinichukua karibu mwaka mzima kujua kwamba ile chai ilikuwa pazia.

Hii ilikuwa Isebania, garaji ya mabati kando ya barabara inayotoka Migori kuingia Tanzania. Nilikuwa na miaka 19. Mshahara hakuna. Nilikuwa napewa lunch na mia mbili ya sabuni Jumamosi, kama wiki ilikuwa nzuri. Kuosha cheni, kubadilisha oili, kuziba pancha, hizo zote nilifundishwa siku ya kwanza. Lakini kile kitu kinachomfanya mtu aitwe fundi, sikuonyeshwa.

Nilimchukia. Leo nina kibanda changu na kijana wangu wa mkono, na chuki imepungua. Sio eti nimekuwa mwema, ni vile nimeanza kuona alichokuwa anaogopa. Kabla yangu alimfundisha mwingine kila kitu. Huyo akavuka, akafungua yake Sirari, na wenye bodaboda wengi wakamfuata. Hapa mpaka unauvuka kwa miguu. Wakuria wako pande zote mbili, lugha ni ile ile, Boxer ni ile ile. Ukivusha mzigo wa spea, forodha watakuuliza. Ukivusha ujuzi, hakuna wa kukuuliza.

Watu hupenda kusema ujuzi ni kama moto, ukimwashia mwenzako wako haupungui. Hao hawajawahi kulipa kodi ya kibanda. Moto haupungui, sawa, lakini wateja wanapungua.

Gary Becker, mchumi wa Marekani aliyepata Nobel mwaka 1992, alilitazama jambo hili kwenye kitabu chake Human Capital cha 1964. Hoja yake, kwa lugha ya garaji, ni hii: ujuzi unaofaa popote, mwajiri hana sababu ya kuulipia, maana mfanyakazi ataondoka nao. Kwa hivyo anayeulipia ni mwanafunzi mwenyewe, kwa kukubali mshahara mdogo wakati anajifunza. Nilipokutana na hoja hiyo nilicheka, halafu nikakasirika upya. Kwa sababu ikiwa ndivyo, mimi nililipa! Lunch na mia mbili, miaka miwili. Ile tofauti kati ya nilichopewa na kazi niliyofanya ilikuwa karo. Mzee alipokea karo, halafu akanituma chai wakati wa somo.

Hapo ndipo naona kosa lilipokuwa. Kuogopa ushindani si dhambi, kila mtu anaogopa. Mtu anaweza kusema, "Mimi sifundishi, nakulipa kama kibarua," na hiyo ni haki yake. Asichoweza ni kushika vyote viwili: kazi ya bei ya mwanafunzi na siri ya mfanyabiashara.

Serikali yenyewe imeliona tatizo hili. Kuna ile tozo ya mafunzo ya shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, inayosimamiwa na NITA, na mwajiri anayefundisha watu wake anaweza kudai arudishiwe gharama. Maana yake ni kwamba hata yule anayesubiri wengine wafundishe ndio awachukue, anachangia. Ni wazo la haki. Lakini kibanda changu hakimo kwenye hesabu hiyo, wala cha mzee hakikuwamo. Kwetu kinachobaki ni neno la mdomo kati ya watu wawili, na hilo neno mara nyingi halisemwi.

Sasa kijana wangu. Ana mkono mzuri, pengine kuniliko. Juzi akaniambia, bila kuzunguka, kwamba shemeji yake amempatia nafasi Sirari mwakani. Nilinyamaza kidogo. Najua pikipiki zipi zitamfuata, naweza kukutajia hata namba zake.

Tukakaa tukaongea, kitu ambacho mzee hakuwahi kufanya na mimi. Nikamwambia achague: aanze kulipwa kama fundi kamili kuanzia mwezi ujao na asiniulize kitu, au abaki na malipo ya sasa mpaka Desemba na nimwonyeshe injini yote, mpaka giaboksi, halafu aende mtihani wa NITA apate karatasi yake. Akasema la pili, lakini nauli ya mtihani nitoe mimi. Nikakataa. Hapo ndipo tumefika. Kuna Boxer imeletwa leo asubuhi, inakula oili, lazima kichwa kifunguliwe, na ameshaanza kulegeza boliti bila kuniuliza.