Tiba ya Homoni: Ni Nani wa Kushika Mizani?

Kuna jambo moja ambalo katika mikutano yetu ya akina mama hunong'onwa tu, na katika mikutano ya akina baba halitajwi kabisa. Jambo hilo ni ukomo wa hedhi. Kitabu cha Mwanzo hakikuona haya kutuarifu kuwa Sara alikuwa amekwisha kuvuka umri huo. Sisi ndio tuonao haya. Nasi tukiwa tumevuka kitambo, twaomba ruhusa ya kusema waziwazi, kwa sababu ndani yake mna swali zito: Je, ni haki mtu kutumia dawa iwezayo kumpunguzia taabu leo na pengine kumletea maradhi kesho? Na ni nani apasaye kuamua?

Kwa wanawake wengi hedhi hukoma karibu na umri wa miaka 50. Ovari hupunguza mno kutoa homoni iitwayo estrojeni, na mwili hauna budi kuzoea upungufu huo. Wako wapitao kipindi hiki bila taabu kubwa. Wengine hushikwa na joto la ghafla mbele za watu, huloweka shuka kwa jasho usiku, hukosa usingizi miezi hata miaka, na hupata ukavu na maumivu ya uke ambayo mke hushindwa kumweleza mumewe. Mifupa nayo hupungua nguvu. Tiba ya homoni ni kuurudishia mwili sehemu ya kile ulichopungukiwa, kwa vidonge, kwa plasta ya kubandika ngozini, au kwa dawa ya kupaka.

Historia ya tiba hii ni somo kwetu. Mwaka 1942 dawa ya Premarin, iliyotengenezwa kutokana na mkojo wa farasi wenye mimba, ilianza kuuzwa Marekani. Mwaka 1966 daktari mmoja wa New York, Robert Wilson, alitoa kitabu kiitwacho Feminine Forever, akifundisha kuwa ukomo wa hedhi ni ugonjwa wa upungufu, na kwamba estrojeni itamwondolea mwanamke uzee. Wengi walisadiki. Lakini mwaka 1975 uchunguzi ulionyesha kuwa mwanamke mwenye mji wa mimba akitumia estrojeni peke yake, hatari ya kupata kansa ya mji huo huongezeka sana. Tangu hapo mwanamke wa namna hiyo huongezewa homoni ya pili, ya jamii ya projesteroni, ili kumkinga. Kisha, Julai 2002, uchunguzi mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative, uliohusu wanawake 16,608 waliopewa homoni hizo mbili au vidonge visivyo na dawa, ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Habari zikaenea kwamba dawa hizo huleta kansa ya matiti, kiharusi na maradhi ya moyo. Wanawake wengi duniani wakaziacha.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Wakati huo tulikuwa na mwalimu mwenzetu, rafiki wa tangu Chuo cha Ualimu, mwenye umri wa miaka 44. Mwaka mmoja kabla alikuwa amepasuliwa kwa ajili ya uvimbe, akaondolewa mji wa mimba pamoja na ovari, na daktari akamwandikia estrojeni. Tuliposikia habari ile redioni tulimwendea jioni ileile. Tukamwambia, "Dada, itupe dawa hiyo, wamesema asilimia 26 zaidi ya kansa." Akaitupa. Kwa miaka iliyofuata tulimwona akifuta jasho ubaoni, akisahau majina ya wanafunzi kwa kukosa usingizi, na hatimaye akaomba kustaafu alipofika miaka 55, naye alikuwa mwalimu bora kuliko sisi.

Sasa, sisi tuliofundisha hesabu maisha yetu yote, tuliwaonya wanafunzi wangapi kwamba asilimia bila kitu chake haina maana? Na bado hatukuuliza: asilimia 26 ya nini? Jibu lilikuwapo. Katika kila wanawake 10,000 ambao hawakupewa dawa, 30 walipata kansa ya matiti kwa mwaka; katika 10,000 waliopewa, 38. Ongezeko ni wanawake 8. Waliopata kiharusi walitoka 21 wakafika 29. Tena waliovunjika nyonga walipungua kutoka 15 hadi 10. Zaidi ya hayo, wanawake hao walikuwa na umri wa miaka 50 hadi 79, wastani wao miaka 63; rafiki yetu alikuwa na miaka 44. Nao walitumia homoni mbili. Yeye alitumia moja, kwa kuwa hakuwa na mji wa mimba wa kukingwa. Uchunguzi wa estrojeni peke yake ulikuwa ungali unaendelea. Uliposimamishwa mwaka 2004 ulionyesha kiharusi kimeongezeka na kuvunjika nyonga kumepungua, lakini kansa ya matiti haikuongezeka. Tena mwanamke apotezaye ovari mapema hivyo huelekea zaidi kudhoofika mifupa na kupata maradhi ya moyo, na ndiyo maana madaktari hupendelea atumie homoni walau mpaka umri ambao hedhi ingekoma yenyewe. Tulimnyang'anya dawa yake kwa habari zisizomhusu.

Hatusemi kwamba hatari ni ndogo basi si kitu. Hao wanane kila mmoja ana jina na ana watoto. Lakini yule asiyelala usiku miaka saba naye ana jina, ila taabu yake haikuandikwa katika safu ile ya hesabu. Hapo ndipo penye ugumu: tunapima kansa iwezayo kuja dhidi ya taabu iliyokwisha kuja, na vitu hivi viwili havina kipimo kimoja.

Wako wasemao, "Uzee ni wa asili, mwanamke avumilie kama bibi zetu." Twawaheshimu, lakini macho kufifia nako ni kwa asili, na wasemao hayo huyasema wakiwa wamevaa miwani. Wala hatukuwahi kuwauliza bibi zetu kama walivumilia au walikosa tu mtu wa kumwambia. Lakini kosa la daktari Wilson nalo tusilirudie: uzee si aibu ya kufutwa kwa kidonge. Kutuliza mateso ni jambo moja. Kukataa kuwa mzee ni jambo jingine.

Basi ni nani ashike mizani? Daktari anajua hatari, wala mtu asijinunulie dawa hizi dukani bila kupimwa. Aliyewahi kuugua kansa ya matiti, au damu kuganda mishipani, au kiharusi, au atokwaye damu bila sababu kujulikana, kwa kawaida hashauriwi kuzitumia. Kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, wataalamu wengi sasa waona kuwa faida yaweza kuzidi hatari ikiwa taabu yake ni kubwa. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Uzito wa taabu anaujua mwenyewe tu, na kiasi cha hatari atakachokubali ni chake kuchagua. Kazi yetu sisi wengine, waume, dada na marafiki, ni kumpatia kweli yote, kisha kunyamaza. Aliyemwahidi ujana alimwibia uamuzi wake. Nasi tuliomtia hofu tulimwibia vilevile.

Mwaka jana tulikwenda kwa rafiki yetu kumwomba radhi. Alicheka kidogo, akatumiminia chai, akasema, "Mwalimu, najua ulinipenda. Lakini ulikuja na jibu, hukuja na swali."

Neno hilo twawaachia nanyi, ndugu wasomaji. Akija mwenzio na taabu yake, kwanza muulize.