Deni la Kampuni ni Deni la Nani?



Katika mwezi wa mavuno walitujia vijana wawili, mtu na dada yake, wenyeji wa hapa Songea. Walichukua bahasha, na ndani yake hati ya kampuni yao mpya, iliyokwisha kuandikishwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Kazi ya kampuni hiyo ni kununua mahindi, kuyasaga na kuuza unga. Baada ya salamu wakaweka mezani karatasi tatu za mabenki, wakasema, "Baba Mchungaji, twataka kuchukua kadi ya mkopo kwa jina la kampuni. Utushauri, tuchague ipi?"

Tukazisoma karatasi zile. Ya kwanza ilisifu riba yake kuwa ndogo, ya pili ilisifu kiasi chake kuwa kikubwa, na ya tatu iliahidi zawadi kwa kila atakayeitumia kadi mara nyingi. Ndipo tulipoona ya kuwa neno walilouliza ni dogo, na nyuma yake limesimama neno kubwa wasilouliza: Je, kampuni, isiyo na mwili wala dhamiri, yaweza kutoa ahadi? Na ahadi hiyo ikivunjika, ni nani aliyeivunja? Kwa kuwa vijana wengi wa sharika zetu sasa wanaanzisha biashara, na waalimu huulizwa mashauri haya kabla ya wachungaji, tumeona vema kuliandika jambo hili.

Kwanza yatupasa kueleza kadi hii ni kitu gani, maana wengi huichanganya na nyingine. Kadi ambayo watu wengi wa nchi yetu wanayo mfukoni ni ya kutolea fedha zao wenyewe walizoweka benki. Fedha zikiisha, kadi hukaa kimya. Kadi ya mkopo si hivyo. Mwenye nayo hutumia fedha za benki mpaka kiasi alichowekewa, na kila mwezi huletewa hesabu. Akilipa yote kwa siku iliyotajwa, mara nyingi hatozwi riba kwa vitu alivyonunua. Asipolipa yote, benki humruhusu kulipa sehemu ndogo tu, na kilichobaki huzaa riba, na riba nayo huzaa riba. Tena akichukua fedha taslimu kwa kadi hiyo, kwa desturi riba huanza siku ile ile.

Angalieni sehemu ile ndogo, maana humo ndimo mtego ulimofichwa. Tuseme mtu anadaiwa shilingi 1,000,000, na riba ni 3 kwa mia kila mwezi. Akilipa shilingi 30,000 kila mwezi, mwisho wa mwaka amekwisha kutoa 360,000, na bado anadaiwa 1,000,000 ile ile. Yeye hujiona mlipaji mwaminifu, kwa kuwa hakukosa mwezi hata mmoja. Walakini hakulipa deni, alilipa kodi ya kukaa ndani ya deni.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1958, katika mji wa Fresno nchini Marekani, benki moja kubwa iliwapelekea watu wapata 60,000 kadi za mkopo kwa posta, pasipo wao kuziomba. Watu walifungua bahasha wakakuta mkopo umekwisha kuwa tayari. Walioshindwa kulipa wakazidi hesabu iliyotazamiwa na benki, na mwaka 1970 sheria ya nchi ile ikakataza kumpelekea mtu kadi asiyoiomba. Kwetu sisi bahasha ile imekuja kwa njia ya simu. Mtu ameketi nyumbani kwake Lizaboni au Bombambili, mara simu yalia, na ujumbe wamwambia kwamba anastahili kukopa kiasi fulani. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zikifanya kazi pasipo kibali. Na mikopo ile ya mitaani ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu haihitaji maelezo. Jina lake latosha. Twasema haya ili ieleweke kwamba mkopo unaomtafuta mtu si sawa na mkopo ambao mtu ameutafuta. Wa kwanza huanza na haja ya mkopeshaji, wa pili huanza na haja ya kazi.

Sasa twarudi katika swali letu. Yule kijana wa kiume alisema, "Baba, sisi hatutadaiwa. Itadaiwa kampuni, maana kwa sheria kampuni ni mtu mbali." Neno lake si la uongo. Mwaka 1897, huko London, baraza kuu la hukumu liliamua shauri la mtu mmoja aitwaye Aron Salomon, mtengeneza viatu aliyeigeuza biashara yake kuwa kampuni. Kampuni ikaanguka, na waliodai wakataka yeye mwenyewe alipe. Waamuzi wakasema sivyo. Kampuni ikiisha kuandikishwa kwa halali ni mtu mwingine, ina madeni yake, na mwenye hisa ana madeni yake. Sheria za nchi nyingi, pamoja na yetu, zimefuata njia hiyo, na ina faida kubwa. Pasipo hiyo, ni nani angethubutu kuanza kazi kubwa, akijua ya kuwa ajali moja ya gari la mizigo yaweza kuwaondolea watoto wake paa la nyumba?

Lakini tuliwaonyesha vijana wale ukurasa wa mwisho wa kila karatasi. Katika zote tatu palikuwa na mahali pa sahihi ya mdhamini. Kampuni iliyoanza jana haina sifa wala mali, kwa hiyo benki humtaka mwenye kampuni aweke jina lake mwenyewe nyuma ya jina la kampuni. Yaani pazia lililowekwa na sheria kati ya mtu na kampuni yake, yeye mwenyewe hulifunua kwa kalamu yake. Binti yule akasoma polepole, kisha akamtazama kaka yake, akasema, "Kumbe tutadaiwa sisi. Na nyumba ya mama je?" Hakuna aliyemjibu kwa muda.

Habari ya udhamini twaijua, si kwa vitabu tu. Zamani kidogo sisi wenyewe tulimtilia sahihi ndugu mmoja katika chama cha kuweka na kukopa. Hatukusoma karatasi, tulisoma uso wake, nao ulikuwa uso wa mtu mwema. Wala hakuwa mwongo: alitumaini kweli kwamba atalipa. Biashara yake ikafa, naye akahama, na kwa miezi 14 tukakatwa katika mshahara wetu. Watoto wetu walikaa nyumbani muhula mmoja kwa kukosa ada. Tulijifunza ya kuwa kosa halikuwa lake peke yake. Sisi tuliahidi kwa niaba ya kesho, nasi kesho hatuimiliki. Dr. Martin Luther katika kitabu chake cha mwaka 1524 juu ya biashara na riba aliuonya sana udhamini kwa sababu hii hii, kwamba mdhamini huweka tumaini katika mtu na katika siku asizoziweza. Siku zile tulipokisoma chuoni tulikidhania kuwa ni ukali wa mtu wa kale.

Je, twasema basi kwamba kukopa ni uovu? Hapana. Wazee wetu walipata kuambiwa hivyo na watu wengine, na kwa sababu mbaya. Wakati wa utawala wa Waingereza palikuwa na sheria katika Tanganyika ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Mfanya biashara aliyemkopesha Mwafrika pasipo idhini ya serikali hakuweza kumdai mahakamani. Katika Kenya sheria ya namna hiyo ya mwaka 1948 iliweka mpaka wa shilingi 200. Walisema ni kumlinda mwenyeji. Lakini mtu asiyeweza kudaiwa hawezi pia kuaminiwa, na asiyeaminiwa hubaki mchuuzi wa kando ya njia siku zote. Wazee wa hapa walitafuta njia nyingine. Mwaka 1936 wakulima wa tumbaku wa Ungoni na Umatengo walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, wakauza mazao yao kwa pamoja. Kudaiwa, basi, ni sehemu ya heshima ya mtu mzima. Ndiyo sababu haifai kuitupa heshima hiyo kwa kadi iliyochaguliwa kwa ajili ya zawadi.

Hapo yule binti alileta neno zito kuliko yote. Akasema, "Baba, mwezi wa saba mahindi ni rahisi, mwezi wa kwanza ni ghali. Asiye na fedha mwezi wa saba hutazama tu wenzake wakipata. Tukingoja mpaka tuwe na fedha zetu, tutangoja mpaka lini?" Hatukuweza kulipuuza neno hili, maana ni kweli, na maskini hupata hasara kwa kungoja kama vile kwa kukopa.

Tukachukua kalamu tukahesabu pamoja nao. Tuseme gunia moja lanunuliwa kwa shilingi 50,000 mwezi wa saba, kwa kadi yenye riba ya 3 kwa mia kila mwezi. Kwa miezi sita, riba ikizaa riba, deni hufika karibu 59,700. Mifuko, dawa, ghala na kuchukuza, tuseme 8,000. Jumla 67,700. Likiuzwa kwa 80,000, faida ni 12,300. Magunia 100 ni 1,230,000. Kijana akatabasamu. Lakini likiuzwa kwa 62,000, hasara ni 5,700 kwa gunia. Magunia 100 ni 570,000. Je, bei yaweza kuanguka hivyo? Wakulima wa nyanda za kusini hawajasahau mwaka 2017, serikali ilipozuia mahindi yasiuzwe nchi za nje, na waliokuwa wamejaza maghala wakakosa wanunuzi.

Tena kuna jambo lililo baya kuliko bei. Kadi hudai malipo yake mwezi wa nane, na wa tisa, na wa kumi, nayo mahindi yangali ghalani. Mwenye deni atalipa kwa nini? Atalipa kwa kukopa mahali pengine, au kwa kuyauza mahindi mapema kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo tulipoona kanuni ambayo twataka msomaji aishike, hata akisahau mengine yote: deni jema lina saa moja na kazi yake. Kitu kinachouzwa ndani ya mwezi chaweza kununuliwa kwa kadi ya mwezi. Mahindi ya miezi sita yataka mkopo wa miezi sita, unaolipwa baada ya kuuza. Mashine ya kusaga ya miaka mingi yataka mkopo wa miaka. Anayenunua mashine kwa kadi ya mwezi ni kama mtu apandaye mkahawa akitazamia kuuchuma kabla ya mvua kwisha.

Basi tuliwajibu hivi. Kwanza, fungueni hesabu ya benki kwa jina la kampuni, na fedha ya unga isilale mfuko mmoja na fedha ya nyumbani; maana mali bila daftari huisha bila habari. Pili, andikeni daftari tangu mavuno haya hata mavuno yajayo. Na kwa mtaji ulizeni kwanza penye mzigo mwepesi, kama chama cha kuweka na kukopa, au mikopo isiyo na riba ambayo halmashauri hutenga kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Tatu, daftari likionyesha kwamba fedha ya unga hurudi ndani ya siku 30, chukueni kadi yenye kiasi kidogo, kwa mafuta ya gari na mifuko, mkailipe yote kila mwezi. Kati ya karatasi zile tatu msitazame zawadi. Tazameni riba, ada ya mwaka, faini ya kuchelewa, na maneno yaliyo juu ya mahali pa sahihi. Nne, kabla ya kutia sahihi, mwambieni mama. Deni lisiloweza kutajwa mbele ya yule ambaye nyumba yake imewekwa nyuma yake si deni la haki.

Kijana hakufurahi sana. Alisema wenzake wa mjini wamekwisha kuanza na kadi, nao wanaendelea. Yawezekana. Hatuwezi kumwapia kwamba watashindwa, wala hatukumtakia hayo. Walichukua karatasi zao wakaenda. Baada ya wiki mbili binti alirudi peke yake na daftari la kurasa mia, akatuomba tumwonyeshe jinsi ya kupiga mistari ya mapato na matumizi.

Watu husema dawa ya deni ni kulipa, nasi twakubali. Lakini kampuni haijui aibu, wala haiamki usiku ikifikiri. Ni mtu tu aonaye aibu, na mtu tu alipaye. Basi kabla hujauliza ni kadi ipi iliyo njema, jiulize ni nani atakayeitika siku jina la kampuni litakapoitwa. Kama u tayari kuitika wewe, kwa jina ulilopewa na baba yako, chagua. Kama sivyo, ngoja.