Mchezaji Ajuaye Kwamba Ametoka

Liko swali ambalo watu wazima hulidharau kwa kuwa limezaliwa mchezoni, walakini mimi naona lafaa kufikiriwa na kila mtu aliyepewa kazi ya kuwafundisha vijana. Swali lenyewe ni hili: mchezaji akijua hakika ya kuwa kwa sheria ya mchezo ametoka, naye mwamuzi hakuona, je, imempasa kuondoka mwenyewe, au ana ruhusa ya kukaa kimya mpaka atolewe?

Swali hili nitalifuata kwanza katika mchezo wa kriketi, kisha nitalileta katika viwanja vyetu vya huku Lupaso. Najua ya kuwa wengi wenu hamjauona mchezo huo, maana sisi wa kusini tumezoea mpira wa miguu. Hata hivyo si mgeni kabisa katika nchi zetu. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, na mwaka 2025 vijana wa Tanzania walio chini ya umri wa miaka 19 walijipatia, kwa mara ya kwanza, nafasi katika Kombe la Dunia la rika lao la mwaka 2026. Tena nimeuchagua kwa sababu katika mchezo huu swali letu limo ndani ya sheria yenyewe.

Kwa ufupi, mchezo ni huu. Timu ni mbili, kila moja ina watu 11. Moja hupiga, ya pili hutupa na kudaka. Mpigaji husimama mbele ya vijiti vitatu vilivyosimikwa ardhini, ameshika kibao cha mti. Mtupaji humtupia mpira mgumu wa ngozi, naye akiisha kuupiga hukimbia, yeye na mwenzake, kati ya vijiti vya huku na vijiti vya huko, na mikimbio hiyo ndiyo inayohesabiwa. Mpira ukiangusha vijiti vyake, ametoka. Ukigusa kibao chake, ukadakwa kabla haujafika chini, ametoka vilevile. Na hapa ndipo penye neno. Mpira waweza kugusa ukingo wa kibao kidogo mno, kama unyasi ugusavyo nguo ya mpita njia, ukaingia mikononi mwa yule anayelinda vijiti kwa nyuma. Mwamuzi amesimama mbali, kiasi cha mita 20 au kupita. Huenda amesikia, huenda hakusikia. Lakini mpigaji hana haja ya kusikia, maana mkono wake umekwisha kumwambia.

Huko Uingereza, mchezo huu ulikozaliwa, msimu huanza mwezi wa Aprili, na vijiji vingi vina klabu zao. Siku za kucheza ni Jumamosi na Jumapili, baada ya adhuhuri. Michezo ya mwanzo wa msimu haina fahari yo yote: ardhi ingali na maji, nyasi mbichi, vidole vimekufa kwa baridi, na mpira unaodakwa kwa urahisi mwezi wa Julai huponyoka mwezi wa Aprili. Mingi ni michezo ya kirafiki, haiongezi wala haipunguzi kitu. Katikati yake watu husimama wakanywa chai pamoja, washindani kwa washindani. Mara kwa mara timu ya wageni huja na watu tisa tu, maana huyu anauguliwa na yule amekwenda harusini. Basi wenyeji huwaazima mtu. Na waamuzi je? Katika michezo ya vijijini mara nyingi hakuna waamuzi wa kulipwa. Wachezaji wa timu inayopiga, wale wanaongoja zamu yao, ndio wanaovaa koti jeupe na kuamua juu ya ndugu zao. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Hapa mwamba ngoma amewekwa kwa makusudi, na mchezo umeendelea vivyo hivyo miaka mingi.

Nitakatiza kidogo niseme neno la kale ambalo wazee wa usharika watalipenda. Katika kijiji cha Boxgrove, upande wa kusini wa Uingereza, washarika kadhaa walishitakiwa kwa kucheza kriketi uani kwa kanisa siku ya Jumapili, tarehe 5 Mei 1622. Walishitakiwa kwa kuivunja siku ya Bwana, na kwa desturi yao ya kuvunja madirisha ya kanisa kwa mpira, tena kwa kuwa mtoto mdogo alikaribia kupasuliwa kichwa kwa kibao. Tena wazee wawili wa kanisa walitajwa katika mashitaka hayo ya kwamba waliwatetea wachezaji! Basi, ugomvi wa mchezo wa Jumapili haukuanza na vijana wetu. Lakini hilo si neno langu leo.

Nairudia sheria. Sheria za kriketi hutunzwa na klabu ya Marylebone ya London, iliyoanzishwa mwaka 1787. Sheria ya 31 ina ajabu yake. Yasema ya kuwa mwamuzi hana ruhusa ya kumtoa mpigaji, hata ikiwa kweli ametoka, mpaka watu wa upande wa pili wamwulize. Ndiyo maana mara kwa mara husikika makelele uwanjani, wanauliza, Imekuwaje? Wasipouliza, hakuna hukumu. Walakini sheria iyo hiyo yaongeza ya kuwa neno hili halimzuii mpigaji aliyetoka kuondoka bila kuulizwa na mtu. Waliotunga walijua tabia ya mwanadamu. Waliacha milango miwili: mmoja wa mshitaki, na mmoja wa mtu ajuaye mwenyewe. Mfalme Daudi alikaa mpaka Nathani alipomjia. Zakayo hakungoja mtu amhesabie alichowanyang'anya wenzake.

Mlango wa pili huo hutumiwa na wachache, hasa katika michezo mikubwa. Tarehe 18 Machi 2003, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia iliyochezwa Port Elizabeth, Afrika Kusini, mpigaji wa Australia aitwaye Adam Gilchrist aligusa mpira kidogo, ukadakwa na mlinda vijiti wa Sri Lanka. Mwamuzi alikataa kumtoa. Gilchrist aligeuka akaondoka mwenyewe, ameacha mikimbio 22, na wenzake wakastaajabu. Australia ilishinda siku ile hata hivyo, lakini yeye alipoondoka hakuna aliyejua kama itashinda.

Mfano wa pili ni kinyume chake. Mwezi wa Julai 2013, huko Nottingham, Mwingereza Stuart Broad aliugusa mpira, na safari hii mguso haukuwa mdogo. Watazamaji waliuona, ukadakwa na kapteni wa Australia. Mwamuzi hakumtoa. Waaustralia walikuwa wamekwisha kutumia nafasi zao zote za kuomba hukumu itazamwe tena kwa picha, wakabaki wameshika vichwa. Broad alisimama pale pale. Wakati huo alikuwa na mikimbio 37. Akaendelea mpaka 65. Uingereza ikashinda kwa mikimbio 14. Kila mtu aweza kupiga hesabu hiyo.

Sasa, wako watu wenye akili waliomtetea, na si haki kuwapita bila kuwasikia. Walisema: Kazi ya kuhukumu amepewa mwamuzi, si mchezaji. Mwamuzi huyo huyo kesho atamtoa Broad kwa kosa, naye hataruhusiwa kurudi. Basi makosa ya huku hulipwa na makosa ya huko. Tena wachezaji wa michezo mikubwa karibu wote wamekubaliana bila kuandikiana ya kuwa watamwachia mwamuzi, wala hakuna anayedanganywa, kwa kuwa kila mmoja anajua mwenziwe atafanya nini.

Neno la kwamba makosa yatalipana silikubali. Mtu akiibiwa kuku na jirani wa mashariki hapati haki juu ya kuku wa jirani wa magharibi. Lakini neno la mapatano lina uzito. Pale palipo na waamuzi wa kulipwa, na mitambo ya picha, na mashindano ambayo wote wameyaingia kwa desturi moja, sitamwita Broad mwongo. Hakusema neno la uongo, alisimama tu. Namwona Gilchrist kuwa amefanya lililo bora, nami sidhani ya kuwa lililo bora laweza kudaiwa kama deni.

Kijijini mambo hubadilika kabisa, na watu wengi hawaangalii jambo hili. Hudhani ya kuwa dhambi ni ndogo kwa kuwa mchezo ni mdogo: siku yenyewe ni Jumamosi ya kwanza ya msimu, hakuna kikombe, hakuna gazeti. Mimi naona kinyume. Fikirini yule aliyevaa koti jeupe. Ni nani? Ni mwenzake mpigaji, ni wa timu yake, pengine ni mdogo wake au mwana wa shangazi yake. Hakusikia kitu, kweli. Akiulizwa, hujibu kwa haki, Hakutoka. Wale wa upande wa pili, waliosikia mguso kwa masikio yao, watasema nini? Hawatasema, Mwamuzi hakusikia. Watasema, Amempendelea ndugu yake. Na mpigaji amesimama pale, anajua, amenyamaza. Hakujipatia mikimbio tu. Amechukua jina jema la ndugu yake akalitumia kama ngao. Mwamuzi wa kulipwa atapanda gari aende zake. Huyu atakaa na watu wale wale msimu mzima, atakutana nao sokoni na msibani, akiwa na sifa ya upendeleo asioufanya.

Kwa sababu hiyo nasema ya kuwa, mwamuzi akiwa ni mtu wako, kuondoka si fadhili tena, ni deni. Mahali ambapo hukumu imewekwa mikononi mwa ndugu, mchezo wote hushikiliwa na jambo moja, kwamba mwenye kujua atasema.

Na sasa Lupaso. Jina la mwana wa kijiji hiki, Rais Benjamin Mkapa, aliyezaliwa hapa mwaka 1938 na kuzikwa hapa mwaka 2020, limepewa uwanja mkubwa wa Dar es Salaam uliofunguliwa mwaka 2007, wenye nafasi ya watu 60,000. Huko kuna nyavu na nyasi zilizokatwa sawasawa, na waamuzi waliofundishwa kazi hiyo. Katika viwanja vya vijiji vya Masasi na Newala mambo ni mengine. Mvua zikiisha, watu wakivuna mtama na kuchuma mbaazi, kabla korosho hazijawaita mashambani, vijana hufyeka uwanja, huchora mistari kwa majivu, na kijiji hualika kijiji. Goli ni miti miwili na mmoja wa juu, pengine haina wavu. Mwenye filimbi ni mwalimu, au kijana wa wenyeji aliyeumia mguu na hawezi kucheza siku ile. Washika vibendera ni ye yote aliyekubali kusimama juani.

Goli lisilo na wavu ndilo kibao chetu. Mpira hupita chini, karibu na mti, ukapotelea majanini. Je, umepita ndani au nje? Watazamaji wa upande huu wanapiga vigelegele, wa upande ule wanapiga makelele. Mwenye filimbi alikuwa nyuma hatua arobaini, vumbi machoni. Mtu mmoja tu ameuona kwa karibu, naye ni mlinda goli, maana umempita karibu na ncha za vidole vyake. Nimewauliza vijana wengi wafanyeje hapo, na jibu lao ni lile lile la watetezi wa Broad: mwamuzi ndiye aliyepewa filimbi. Lakini mwenye filimbi ni kijana wa kwao. Akisema nje, naye mlinda goli anajua kwamba ni ndani, wageni watarudi kwao usiku wakimtaja yeye, si mlinda goli. Magomvi mengi ya viwanjani ambayo wazee huitwa kuyaamua Jumatatu yangalikwisha Jumamosi kwa neno moja la mtu mmoja mwenye mikono ya vumbi.

Makapteni na walimu wana sehemu yao. Mlinda goli wa miaka 16 akisema, Umeingia, kisha wenzake wakamzomea njia nzima, hatasema tena. Kapteni na ampe mkono mbele ya watu, siku ya mchezo wa kwanza, wakati hakuna kinachopotea. Ikifika fainali ya mwezi wa Agosti itakuwa ni kuchelewa.

Vipi juu ya yule aliyeazimwa? Niliwataja wageni wanaokuja na watu tisa. Mtu aliyeazimwa husimama upande wa pili, na mpira ukipigwa na kaka yake ukamjia yeye, hana budi kuudaka kwa nguvu zake zote. Akiuangusha kwa makusudi, hakuna mwamuzi duniani awezaye kumtambua.

Limesalia neno moja, nalo nimeulizwa na katekista mmoja: asiyejua je? Maana mara nyingi mkono wenyewe huwa na shaka. Vumbi, haraka, ardhi isiyo sawa. Huyo na akae mahali pake, angoje filimbi. Mwamuzi amewekwa kwa ajili ya shaka kama hiyo, na akikosea, kosa litakuwa lake kweli.